Kufundisha Kiingereza Gwangalli: mkataba kwanza, bahari baadaye

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nilizaliwa Mombasa, tukahamia Minneapolis nikiwa na miaka kumi na minne. Sasa nina ishirini na sita, pasipoti ya Marekani, na digrii ya kwanza kutoka chuo kikuu cha hapa Minnesota. Shule moja ya Kiingereza huko Busan, Korea Kusini, imenitumia mkataba wa mwaka mmoja: won milioni 2.3 kwa mwezi, kazi saa nane mchana hadi saa nne usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, tiketi ya kwenda, na chumba "hatua chache kutoka ufuo wa Gwangalli". Bahari nimeikosa miaka mingi. Mimi ni Muislamu, mweusi, navaa hijabu. Kwenye simu hawakuuliza lolote kuhusu hayo. Je, nisaini? Na maisha ya pale yakoje kwa mtu kama mimi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usisaini wiki hii. Sisemi ofa ni mbaya. Nasema waliokuandikia wamesifia bahari sana na kazi wameigusa kwa juu juu, na wewe siku tano kwa wiki utakuwa darasani. Nimefundisha Busan, na tangu niondoke nimewasomea vijana wengi mikataba ya aina hii, kwa hiyo nianze na huo mkataba.

Viza kwanza. Unayoihitaji ni E-2, na hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, wenye digrii ya kwanza. Wewe umo. Binamu zako walioko Mombasa hawamo, hata wawe na shahada ya uzamili ya Kiingereza, na tafadhali wafikishie habari hiyo, maana ajenti anayemuuzia mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania "E-2 ya haraka" anamwibia mchana kweupe. Kwao mlango ni masomo. Upo ufadhili wa serikali, Global Korea Scholarship, na vituo vichache tu kutoka Gwangalli kipo chuo kikuu cha Pukyong, kinachojulikana kwa elimu ya uvuvi.

Wewe nawe kuna mlango uliofungwa. Programu ya serikali inayopeleka walimu wa kigeni shule za umma, EPIK, inataka mtu awe amesoma kuanzia darasa la saba katika moja ya nchi hizo saba na kuishi huko miaka kumi au zaidi. Uliondoka Mombasa na miaka kumi na minne, kwa hiyo darasa la saba lilikupita Kenya. Ndiyo maana umebaki na shule za binafsi za jioni, wanazoziita hagwon, ambazo kwetu tungeziita tuisheni tu, isipokuwa kule ni biashara yenye ghorofa, mabasi ya kuchukua watoto na mabango ya picha za walimu. Hagwon ziko nzuri kabisa na ziko za hovyo, wakati mwingine kwenye jengo moja, ghorofa ya tatu na ya nne.

Sasa hesabu. Kima cha chini cha mshahara Korea mwaka 2026 ni won 10,320 kwa saa, ambazo kwa mwezi wa kawaida wa ajira hufika won 2,156,880. Ofa yako imezidi hapo kwa won laki moja na arobaini na tatu elfu hivi. Yaani, mwenye digrii analipwa karibu sawa na kijana wa kaunta ya duka la saa ishirini na nne. Nyumba ya bure ndiyo inayoikoa ofa hii, na bado ningeomba milioni 2.5. Watakachofanya ni kukataa au kukutana nawe katikati. Kuomba hakumfukuzishi mtu kazi ambayo hajaianza.

Lakini mshahara wa mwezi si pesa yote, na hapa ndipo wengi wanapoliwa. Mwajiriwa halali Korea anakatwa pensheni, mwaka 2026 asilimia 4.75, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Raia wa Marekani akiondoka nchini moja kwa moja hurudishiwa zote, yake na ya mwajiri. Juu yake kuna kiinua mgongo: ukimaliza mwaka mmoja, unalipwa wastani wa mshahara wa mwezi mmoja, na sheria hii inambana mwajiri hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Kwa mshahara wako, pensheni ya mwaka ni kama won milioni 2.6, kiinua mgongo milioni 2.3. Jumla inakaribia milioni tano, ambazo utazishika mkononi mwisho wa safari.

Ndiyo maana baadhi ya wenye shule hujitahidi zisiwepo. Mbinu ya kwanza ni kukuandikisha kama mtu aliyejiajiri. Kwenye hati ya malipo utaona makato ya asilimia 3.3 tu, na watakueleza kwa tabasamu kwamba wanakusaidia usikatwe sana. Hapo hakuna pensheni, hakuna sehemu ya mwajiri kwenye bima ya afya, na siku ya kiinua mgongo watakuambia kwamba wewe hukuwa mwajiriwa. Ofisi ya kazi haiangalii jina walilokupa, inaangalia ukweli: nani alikupangia saa, darasa na vitabu. Unaweza kushinda, lakini ni kheri usianze kesi na mtu ambaye viza yako imeshikana na jina lake. Mbinu ya pili ni kuandika kwamba kiinua mgongo "kimejumuishwa kwenye mshahara". Ukiona sentensi hiyo, waambie waifute. Ya tatu ni kukuachisha mwezi wa kumi na moja, kabla mwaka haujatimia.

Kwa hiyo waandikie barua fupi, kwa adabu, uulize mambo haya. Nitaandikishwa pensheni na bima ya afya tangu siku ya kwanza? Shule ina wafanyakazi wangapi? Swali hili la pili ni zito kuliko linavyoonekana. Mahali penye wafanyakazi chini ya watano, sehemu kubwa ya sheria ya kazi haifanyi kazi: hakuna nyongeza ya ovataimu, hakuna likizo ya mwaka ya kisheria, na huwezi kupinga kufukuzwa bila sababu. Kwenye kufukuzwa kinachobaki ni notisi ya siku thelathini, ukishapita miezi mitatu. Hagwon nyingi za mitaani ni mkurugenzi, mkewe, walimu wawili na dereva. Waulize pia: katika hizo saa nane, vipindi ni vingapi? Vipindi sita vinavumilika, tisa mfululizo vitakumaliza kabla ya Desemba. Na ikiwa kuna kipengele kinachosema utalipa faini ukiacha kazi mapema, jua kwamba sheria ya viwango vya kazi, kifungu cha 20, imekataza faini za namna hiyo. Kurudisha nauli ya ndege ni jambo jingine, hilo huandikwa sana na si la kupigania.

Uliza pia shule imefunguliwa mwaka gani na ina watoto wangapi. Korea mwaka 2023 ilishuka hadi wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke, na Busan iko chini ya wastani huo. Hagwon zinagombania watoto wachache, na inayofungwa ghafla hukuacha na mshahara unaodaiwa na chumba ambacho si chako. Halafu omba kuongea na mwalimu wa kigeni aliyeko sasa, kwa simu, bosi asiwepo. Wakisema hakuna aliye tayari kuongea, umeshapata jibu.

Kuhama mwajiri ukiwa na E-2 kunahitaji barua ya kukuachilia kutoka kwa yule wa kwanza, labda mkataba uwe umekwisha. Ndiyo sababu nasisitiza kuuliza sasa. Kufundisha nyumbani kwa mtu kwa pesa ya mkononi ni kosa kwa mwenye E-2, na huko ufuoni wazazi watakufuata kwa maneno matamu, kataa. Namba 1345 ni ya uhamiaji, hujibu kwa lugha nyingi, na 1350 ni ya wizara ya kazi. Ziweke kwenye simu kabla hujapanda ndege.

Haya, bahari.

Gwangalli ni ufuo wa mchanga wenye urefu wa kilomita 1.4 hivi, katika wilaya ya Suyeong, na mbele yake limepita daraja la Gwangan, lililofunguliwa 2003, zaidi ya kilomita saba, linalowaka taa usiku. Jumamosi usiku droni mamia hupanda angani kuchora maumbo, na watu hujaa hadi hupati pa kuweka kandambili. Upande mmoja ni Millak, kwenye jengo la samaki wabichi: unamchagua samaki hai kwenye tangi ghorofa ya chini, anakatwakatwa mbele yako, unapanda juu kumla na mchuzi wa pilipili ya siki. Upande wa pili ni Namcheon, mtaa wa maghorofa ya familia, mikate mizuri na hagwon nyingi. Ningebahatisha shule yako iko Namcheon au karibu na stesheni ya Gwangan, kwa sababu hagwon hufuata maghorofa yenye watoto, hazifuati mchanga. Walioahidiwa "Haeundae", ufuo mwingine maarufu wa jirani, mara nyingi hujikuta Jangsan, ambako bahari huioni mpaka upande treni.

Usiamini "hatua chache". Omba anwani ya chumba kwa Kikorea, iweke kwenye Naver Map, programu ya ramani ya Wakorea, upime mwenyewe. Google Maps kwa miaka mingi haikutoa njia ya kutembea kwa miguu nchini humo, hivyo anza kuizoea Naver sasa. Ukikuta chumba kiko vituo viwili vya laini ya pili ya metro kutoka ufuoni, usilie. Laini hiyo ya kijani inaunganisha Namcheon, Gwangan, Suyeong, Haeundae hadi Jangsan, na kwa maoni yangu mtaa wa nyuma ni bora: majira ya joto barabara ya ufuoni haina usingizi, pikipiki, wapiga gitaa na walevi hadi alfajiri. Chumba chenyewe tarajia bedsita: kitanda, jiko la sahani mbili, bafu ambalo bomba la kuogea liko juu ya sinki. Sakafu hupashwa joto kwa maji ya moto yapitayo chini yake, raha ya Januari hasa, mpaka bili ya gesi ije. Omba picha za pembe za dari. Julai unyevu huko ni wa kuotesha kuvu kwenye viatu, na vyumba vya karibu na maji ndivyo vinavyoumia zaidi. Mashine ya kukausha hewa ni kitu cha kununua mapema kuliko televisheni.

Wewe mtoto wa Mombasa jambo litakalokushangaza ni kwamba maji hayaendi popote. Kwenu bamvua likija maji hukimbia ukabaki unatembea juu ya mwamba. Busan tofauti ya kupwa na kujaa hata siku ya bamvua ni kama mita moja na robo tu. Hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi nje, na Haeundae, jirani, ina mikondo ya kuvuta watu baharini ambayo majira ya joto huweza kuwakamata waogeleaji kwa makumi. Gwangalli imejificha ndani ya ghuba, ni tulivu zaidi. Msimu rasmi wa kuogelea ni hasa Julai na Agosti, kukiwa na waokoaji na maboya yanayoonyesha mwisho wa ruhusa. Nje ya hapo maji ni baridi. Februari hushuka hadi nyuzi kumi na mbili au kumi na tatu, na utakayemwona majini ni mtu wa ubao wa mawimbi aliyevaa suti ya mpira. Mwisho wa Juni mvua za msimu huanza na ukungu wa bahari hulimeza daraja lote. Agosti hadi mwanzo wa Oktoba ni tufani. Maemi ya Septemba 2003 iliangusha winchi za bandarini, na Hinnamnor ya Septemba 2022 ilifungisha shule. Ukipata ujumbe wa tahadhari kwenye simu, funga madirisha ukae ndani, usiende kupiga picha mawimbi.

Zawadi halisi ya ratiba yako ni asubuhi. Wenye kazi ya chekechea wanaingia saa tatu wakitoka saa kumi na mbili wamechoka. Wewe mpaka saa saba mchana ufuo ni wako, pamoja na akina mama wenye kofia za ukingo mpana wanaotembea kwa kasi kama wamechelewa mahali. Oktoba na Novemba, anga kavu na jua jepesi, sijui mahali pazuri zaidi pa kunywea kahawa.

Kuhusu hijabu na rangi sitakupaka asali. Korea bado haina sheria moja pana ya kukataza ubaguzi, na kuambatisha picha kwenye ombi la kazi ni kawaida. Wapo wenye shule wanaotafuta mzungu kwa sababu wanadhani wazazi wanamtaka, na hawakuambii hivyo. Wanaacha kujibu tu. Wewe umeshapewa mkataba, kwa hiyo lililobaki ni moja: je, walikuona? Kama picha uliyotuma haina hijabu, tuma nyingine leo na uandike wazi kwamba unafundisha ukiwa umejifunika. Afadhali wakukatae ukiwa Minneapolis kuliko wakuombe uivue ukiwa umesimama mbele ya darasa. Watoto wenyewe watauliza kila kitu. Watauliza umri wako kwanza, kwa kuwa lugha yao inahitaji kujua nani mkubwa, kisha kama una mume, kisha kuna nini chini ya kitambaa. Jibu mara moja, kwa upole, na Jumatano watakuwa wamesahau. Wazee kwenye treni watakukodolea macho, wengine watakupa tangerini. Na ufuoni utakuta Wakorea wenyewe wakiogelea na mashati ya mikono mirefu na kofia, wanaogopa jua. Vazi lako la kuogelea la stara halitashangaza mtu kama unavyohofia.

Swala: msikiti wa Al-Fatah uko kaskazini mwa jiji, karibu na stesheni ya Dusil laini ya kwanza. Kutoka Gwangan unabadili treni Suyeong na Yeonsan, kama dakika arobaini. Kazi ikianza saa nane, swala ya Ijumaa huenda ukaiwahi, lakini mkataba usiseme "fika saa saba na nusu". Alasiri na Magharibi zitakukuta kazini. Omba kwa jina dakika kumi kati ya vipindi na chumba kitupu. Ukizitaja mapema hupewa. Ukianza kupotea bila kusema, kamera za darasani zitakuona, na hagwon nyingi zina kamera.

Chakula kinahitaji macho. Fahari ya Busan ni supu ya nguruwe na wali, na hata tambi za baridi zinazoonekana hazina hatia huchemshiwa mchuzi wa mifupa. Samaki ndiye atakayekuokoa: wa kuchoma, wa kuchemsha, mbichi. Viungo, nyama ya halali na mchele usionata utavipata Gimhae, mtaa wa Dongsang wenye maduka ya wahamiaji wa Asia ya Kusini na ya Kati: laini ya pili moja kwa moja hadi Sasang, kisha treni nyepesi ya Gimhae. Kwenye karamu za kazini, pokea glasi kwa mikono miwili, useme hunywi, umimine wengine ukitaka au uache. Wakubwa walikuwa wakishikilia zamani, siku hizi wengi hawajali.

Darasani hakuna la kukutisha. Watoto kumi hivi, wametoka shule, wametoka taekwondo, baadaye wana hesabu. Wanachoka, na mwalimu anayecheza nao dakika tano za kwanza huwapata arobaini zinazobaki. Kwa wakubwa, kila kitu kinaelekea kwenye mtihani wa Novemba wa kuingia chuo kikuu. Wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege hazitui wala kupaa nchi nzima kwa kama nusu saa. Ukiliona hilo utaelewa kwa nini mzazi anapiga simu kulalamikia alama mbili.

Majibu yao yakiwa mazuri, karatasi zifuate hivi: cheti cha FBI cha kutokuwa na makosa, kilichotolewa ndani ya miezi sita, chenye muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa hati itakayotumika nchi nyingine, wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani mjini Washington; nakala ya digrii iliyothibitishwa, apostili yake ni ya jimbo la Minnesota. Shule ikishapata namba ya kibali, viza unaiombea ubalozi mdogo wa Korea ulioko Chicago. Ofisa anaweza kudai ushahidi zaidi wa shule ulizosoma, kwa hiyo vyeti vya sekondari viwe mezani. Ukifika, kipimo cha afya, kisha kadi ya ukaazi ndani ya siku tisini. Pasipoti isikae kwa mwajiri hata usiku mmoja. Cheti cha FBI kiombe leo kabla hata hawajajibu, kwa sababu hicho na apostili yake ndivyo vitakavyokula wiki zako, na kitakufaa hata ukiishia shule nyingine.